Wavu wa Karema na Kuku Kishingo wa Kabula

Kuku mmoja kishingo, vifaranga tisa, wavu mmoja wa Karema, na mwaka mzima wa shule wa mtoto wa watu. Hiyo ndiyo gharama yote. Nimeihesabu mara mbili, mara ya kwanza nikianzia kwa kuku, mara ya pili nikianzia kwa mtoto, na popote ukianzia jumla haishuki. Mimi nauza mchele sokoni Mpanda. Kushusha jumla ndiyo kazi yangu, kwa hiyo nikisema haishuki, mniamini.

Sisi tuliokulia Kakese miaka ile ya tisini tulizaliwa tukiwa na ajira tayari, na ajira yenyewe ilikuwa kumtazama mwewe. Mtoto wa miaka mitano alikuwa mlinzi kamili. Ukicheza rede, jicho moja liko kwenye mpira wa matambara, jingine liko juu. Ukila embe bichi kwa chumvi, unatafuna huku shingo imeelekea mbinguni kama mtu anayesali. Kivuli kikipita uani, wa kwanza kukiona anapiga yowe, "Mweweee!" na kitongoji kizima kinaitikia kwa masufuria, mabati na mdomo. Mwewe alikuwa anatusikiliza mpaka mwisho, halafu anachukua kifaranga na kuondoka zake.

Tulijaribu kila mbinu. Kanda za kaseti zilizokwisha kutafunwa na redio tulizitandaza uani zikawa zinamemeta kwa upepo. Mwewe alizizoea kabla hazijakamilisha wiki. Mama akasikia kwamba kifaranga aliyepakwa rangi mwewe humwogopa, akachukua GV, ile dawa ya zambarau tuliyopakwa kwenye vidonda, akapaka vifaranga wote. Siku ile ile mwewe akashuka, akachukua wa zambarau, na kesho yake akarudi kuchukua mwingine. Baba akasema huenda sasa anawaona vizuri zaidi.

Mtoto wa dada yangu siku hizi anafuga kuku kwa simu. Anajua banda lina joto kiasi gani, anajua kuku wa Ulaya wanakula nini. Juzi nikamwonyesha mwewe juu ya paa letu, akakodoa macho, akaniuliza, "Mamdogo, ile ni droni?" Nikamwambia ndiyo, na inakuja kuchukua kifaranga chako. Alitoa simu apige picha.

Basi, turudi kwa kishingo. Kuku yule hakuwa wetu. Alikuwa wa Kabula.

Kabula alikuwa jirani yangu na tulikuwa tunakaa dawati moja, watatu kwenye dawati la wawili, na yeye ndiye aliyekaa katikati kwa sababu alikuwa mwembamba. Kwao ni Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao kutoka kaskazini, na sisi ni Wapimbwe wa Mamba tuliosogea Kakese kufuata mashamba ya mpunga. Wao walituletea maziwa mgando kwenye kibuyu, sisi tukawapelekea mchele, na hakuna aliyewahi kupima kipi kilikuwa kingi. Nataja hilo kwa sababu ni biashara pekee niliyowahi kuona ikienda bila kupimwa.

Bibi yake Kabula alimpa tetea mmoja, kishingo, shingo nyekundu haina unyoya hata mmoja, mkali kama mwalimu wa zamu. Kwao kulikuwa na mbwa wa ng'ombe ambao walikuwa hawabakishi yai, kwa hiyo Kabula akamleta kwetu tumlelee. Makubaliano yalikuwa ya kawaida ya pale kwetu: mwenye kuku anabaki na mama kuku, vifaranga mnagawana nusu kwa nusu. Na Kabula hakuwa anafuga kwa kujifurahisha. Tulikuwa tunamaliza darasa la nne, na baba yake alishasema neno lake: "Sare ikipatikana, Januari aende darasa la tano. Isipopatikana, ndama wapo." Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto tisa na alimaanisha anachosema. Nusu ya vifaranga wa kishingo, wakiuzwa Desemba, wangetosha sketi ya bluu, shati jeupe na madaftari. Tulishahesabu, Kabula na mimi, kwa vijiti juu ya mchanga. Mara mbili.

Kishingo akaangua kumi na mmoja. Hao wawili wa zambarau niliowataja walikuwa wake. Walipobaki tisa, Kabula alikuja kusimama uani kwetu, akaangalia juu, akaangalia vifaranga, akasema taratibu, "Skola, hawa wakiendelea hivi, mimi nitachunga."

Mama aliyasikia hayo. Jioni akamwambia baba wajenge uzio, na juu uwekwe wavu.

Uzio ulikuwa kazi ya siku mbili. Baba alichimbia nguzo, akafunga fito kwa kamba za magome ya miyombo, na Kabula akaja na mzigo wa miiba kichwani kama wanavyozungushia boma la ng'ombe. Yeye ndiye aliyetufundisha kuipanga. "Siyo hivyo nyie! Tako la tawi liwe ndani, ncha ziangalie nje. Sasa mkimwekea kuku miiba, mnamzuia nani?" Baba, mtu mzima na ndevu zake, akaigeuza yote upya.

Kilichobaki ni wavu. Na wavu mzuri pale kwetu ulitoka Karema, ziwani, ukaja na malori ya dagaa na migebuka. Wavuvi wakishauchoka, wenye dagaa wanauleta sokoni Mpanda kuuza kwa watu wa kuku na wa bustani. Jumamosi baba alikuwa anapeleka mpunga mashineni, nikapanda juu ya gunia kwenye baiskeli yake, mama akanifungia shilingi mia nane kwenye pindo la kanga. "Mia saba ya wavu. Mia moja kipande cha sabuni, maana hata akisema ameuosha, wewe pita nao mtoni urudie. Umesikia?"

Nilisikia. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na tayari sokoni nilikuwa najulikana kama mtoto ambaye huwezi kumpimia karanga bila kurudia.

Mwenye wavu alikuwa amekaa nyuma ya fungu la dagaa, kofia imefunika macho.

"Mia saba, binti. Jioni upitie, nitakuwa nimekuoshea na umekauka."

"Na nikiuchukua hivi hivi?"

Akainua kofia. "Hivi hivi unavyonuka?"

"Pua ni yangu, baba."

"Mia sita."

"Mia nne. Ukiuosha utanunua sabuni, utapoteza jua, na dagaa zako nani ataziuza?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Wewe mtoto umezaliwa na nani? Leta mia tano, uondoke kabla sijaghairi."

Nikaondoka nikiwa mrefu kuliko nilivyokuja. Mia mbili nimeokoa kwenye wavu. Mia moja ya sabuni nayo ikawa inaniwasha kiganjani, na mtoni ni mbali, na baba alishamaliza kukoboa ananiita. Nikaimaliza kwa maandazi na karanga za kukaanga. Nilikula nikiwa nimeupa wavu mgongo.

Nyumbani mama akapokea mia mbili, akashangaa, akanisifia mbele ya watu. Halafu akavuta pua. "Mbona unanuka? Umeuosha?"

"Nimeuosha mama. Wavu ni wavu, hauwezi kunukia marashi."

Kwa mtu wa Mamba, aliyekulia kwenye mpunga, jibu hilo lilitosha. Baba akaufunga juu ya uzio, akaushusha pembeni mpaka kwenye miiba, na siku ile mwewe alizunguka mara tatu akaenda zake. Tulishangilia kama tumefunga goli. Kishingo mwenyewe hakufurahi. Alizoea kuzurura, sasa anatembea hatua sita anageuka. Kabula na mimi tukawa tunamtafutia mchwa: unaloanisha mavi ya ng'ombe makavu, unayafunika kwa chungu kilichopasuka karibu na kichuguu, kesho unafunua wamejaa. Vifaranga walinenepa. Kabula akawa anawabeba mmoja mmoja, anawapima kwa mkono. "Huyu kola. Huyu vifungo. Hawa wawili sketi."

Siku ya tatu wakaja paka.

Kwanza wawili, kisha watano, wengine hatukuwahi kuwaona. Walikaa kuuzunguka uzio wametulia, macho juu kwenye wavu, wanalamba midomo. Mama akatoka na ufagio. "Hawa wametoka wapi? Kwani hapa kwangu pana kipaimara?" Akawafukuza, wakarudi. Hawakuwa na habari na kuku. Walikuwa wanapanda kwenye nguzo na kuulamba wavu.

Wiki ya pili wakaja panya. Baba aliamka akakuta nyuzi zimekatwa kwenye kona, tundu la kupitisha ngumi. Akaziba kwa kamba ya gome. Baada ya siku mbili, tundu jingine pembeni yake. Akasimama pale, mkono kiunoni. "Panya gani huyu anakula nailoni? Ina utamu gani?"

Mimi nilijua utamu wake. Kila fundo la wavu ule lilikuwa limeshika magamba na mafuta ya samaki wa ziwa zima. Ilikuwa niseme sentensi moja tu: baba, sikuuosha. Tungeushusha, tungeufua, ingekwisha. Lakini sentensi hiyo ilikuwa na mia moja ndani yake, na maandazi, na sifa nilizopewa mbele ya watu. Nikaipiga hesabu nikaona ni ghali. Nikaenda kuteka maji.

Jumapili ile padri alikuja kigangoni kwetu, na padri akija misa inakuwa na ubatizo, na ubatizo wa Kakese ulikuwa siyo wa watoto wawili. Tulirudi jua liko utosini, tuna njaa. Tulisikia ukimya kabla ya kufika. Baba akakimbia. Nguchiro alikuwa anatokea kwenye lile tundu la kona, kifaranga mdomoni, hana haraka yoyote. Baba akamrushia kiatu chake cha Jumapili, kikatua kwenye miiba, na kikakaa huko mpaka Jumanne.

Ndani, vifaranga watano walikuwa wamelala chini na wanne hatukuwaona tena. Kishingo alikuwa amepigana. Nilijua kwa jinsi manyoya yalivyotapakaa kila pembe, na kwa miguu, maana miguu ndiyo iliyobaki. Kuku wetu sisi, wale saba ambao hatukuwahi kuwajengea chochote, walikuwa juu ya paa la jiko wote, wanatuangalia. Wao walikuwa na pa kukimbilia. Kishingo tulimzungushia miiba yenye ncha nje, tukamfunika na wavu, halafu tukamwitia mgeni.

Sasa, kulikuwa na utaratibu. Wasukuma waliuleta na ng'ombe wao, na sisi wenye kuku tukauchukua. Ukiachiwa mnyama wa mtu akafa mikononi mwako, unampelekea ushahidi. Ng'ombe, ngozi. Kuku, manyoya na miguu. Ushahidi ukipokelewa, maneno yamekwisha, hakuna anayedai na hakuna anayelipa. Ila ni lazima kifo kiwe cha kuliwa na mnyama wa porini au cha ugonjwa, kisiwe cha uzembe wako.

Mama akayaokota manyoya yote kwenye ungo, akaweka miguu miwili juu yake, akanishika mkono. Hata chakula hatukula.

Mama Kabula alikuwa anasukasuka maziwa kwenye kibuyu nje ya nyumba. Alipouona ungo akaacha.

"Mwangaluka mayu," mama akasalimia kwa lugha yao. Ilikuwa mchana, salamu ya asubuhi, lakini ndiyo pekee aliyoijua, na hakuna aliyecheka. "Nguchiro. Tulikuwa misani. Mama na watoto wote."

Mama Kabula akaushika unyoya mmoja, akaugeuza. Akaangalia miguu. "Basi, mayu. Aliyemla hakuomba. Ungo nimeuona."

"Nina tetea wangu mdogo, mwekundu. Nilikuwa naomba Kabula amchukue."

Mama Kabula akarudisha unyoya kwenye ungo, na sauti yake ikawa ngumu kidogo. "Umeniletea manyoya, halafu unaniletea na kuku? Nishike lipi? Nikimchukua huyo tetea, watu watasema manyoya yako yalikuwa ya uongo. Mimi siwezi kukufanyia hivyo."

Kabula alikuwa amesimama mlangoni. Hakulia. Aliuliza tu kama vifaranga wote tisa, nikamwambia wote tisa, akaingia ndani.

Jumanne jioni alikuja kuchukua miiba yake, maana miiba mizuri haitupwi. Tulishusha wavu pamoja, yeye upande huu, mimi upande ule. Alipoushika akasita, akausogeza karibu na uso, kitambo kidogo. Halafu akanipa ncha tukaukunja.

Siku mbili baadaye mama aliamua kuufua ule wavu auweke. Beseni la kwanza maji yalitoka kama mchuzi. Magamba yakaelea juu yanang'aa. Mama akayaangalia, akaniangalia, akamwaga. Akateka tena. Hakunipiga, na heri angenipiga, maana kiboko kilikuwa na mwisho. Alisema neno moja tu, na nalisikia kila nikifungua gunia sokoni: "Skola, ukipunguziwa, uliza kilichopungua."

Halafu akanitoza anavyojua yeye. Januari nilipoingia darasa la tano peke yangu, alinipa amri: kila siku nikitoka shule, daftari langu lipite kwanza kwa Kabula kabla halijafika nyumbani. Mwaka mzima nilimfuata kwenye ndama. Yeye alikuwa ananakili kwa mkaa kwenye kibao, mimi nashika fimbo, na ndama walijua nani anajua kazi na nani hajui. Sehemu na desimali nimezielewa kwa kumfundisha yeye. Na alinifundisha kukamua, kwa hiyo hata hapo, ukihesabu vizuri, mdaiwa nilizidi kuwa mimi. Mwaka uliofuata mpunga ulikubali, baba yake akauza ndama mmoja, akamrudisha. Akaingia la tano mimi nikiwa la sita. Hatukukaa tena dawati moja.

Mama ametutoka miaka mingi sasa. Manyoya yale aliyabeba kwa moyo safi. Alipojua, ungo ulikuwa umeshapokelewa, na neno lililokwisha halikuwa lake tena kulifungua.

Mwezi uliopita Kabula alikuja kwenye meza yangu sokoni. Ana nyumba barabara ya Sitalike, ana kuku wengi, mabanda ya matofali, wavu wa chuma juu mpaka chini na msingi wa zege ili nguchiro asichimbe. Alipima mchele, akarudia kupima, nikafurahi. Nikajikuta nimemwambia. Miaka yote hiyo, na nimemwambia nikiwa nafunga mfuko: sikuuosha ule wavu.

Akacheka. "Skola, harufu ile niliijua kabla ya paka kuijua. Nilikuwa nakaa katikati, umesahau? Wewe Jumatatu ulikuja shule unanuka Karema."

"Sasa mbona hukusema?"

"Mama yako alishaleta manyoya. Nani anakwenda kumwambia mama wa mtu manyoya yake yanadanganya?" Akachukua mchele wake. "Punguza mia tano hapo."

Nikapunguza elfu. Akarudisha mia tano, akaondoka.

Watoto wetu hawatajua habari hizi. Leo kuku wa mtu akifia kwako unatuma pesa kwenye simu, ujumbe unaingia, mmemalizana, hakuna aliyebeba ungo juani. Ni haraka na ni safi. Nami ningependa iwe rahisi hivyo, maana nyie wenzangu wa enzi ile mnajua nilipokwama. Nikilipa, ninasema mbele ya watu kwamba ungo wa marehemu mama yangu ulikuwa na uongo. Nisipolipa, yupo mwanamke mmoja barabara ya Sitalike ambaye amelipia ukimya wetu kwa mwaka wake wa shule na hajawahi kutaja bei. Bei ikitajwa, mimi najua pa kuanzia. Hii haijatajwa.

Kishingo mwingine nimeshamnunua, wa Kabula. Yuko uani kwangu, chini ya wavu niliouosha mara mbili. Nilitaka nimpeleke siku ile ile, nikasita, nikasema kesho, na sasa ameshaanza kuatamia. Mayai ni kumi na moja. Nishaurini, tafadhali, nimpeleke vipi na niseme nini mlangoni, na mnishauri mapema, maana ana siku ya kumi na sita leo, zimebaki tano aangue.